Nani Anamgeuzia Selorm Fufu?

"Sabuni ya Nyota! Nguo safi, mikono laini, na harufu ya..."

Du!

Konadu alifumba macho. Akavuta pumzi, akaanza upya.

"Sabuni ya Nyota! Nguo safi, mikono lai..."

Du!

Alivua spika za masikioni akazitupa kitandani. Godoro zima alikuwa amelisimamisha ukutani kuzuia sauti, na halikuzuia kitu. Dada huyu kazi yake ni kusoma matangazo ya redio, na chumba anachorekodia kinapakana na nyumba ya jirani, maana pale kwetu Adom, nje kidogo ya Tema, Ghana, nyumba zimejengwa mbilimbili zikigawana ukuta. Aliponunua yake, upande wa pili ulikuwa mtupu. Sasa una mpangaji, na mpangaji ana kinu cha kutwangia fufu, ule ugali wetu wa muhogo na ndizi.

Alitoka vilevile alivyo, miguu mitupu, akaenda kugonga geti la jirani kwa kiganja.

Aliyefungua alikuwa kijana mrefu, fulana imelowa jasho, mchi ameuegemeza begani.

"Karibu, madam! Umefika wakati mzuri. Bado kidogo tu ilainike."

"Sikuja kula."

"Basi karibu ukae."

"Sikuja kukaa pia. Mimi naitwa Konadu, katibu wa Chama cha Wenye Nyumba cha hapa."

"Na mimi naitwa Selorm, mpangaji nisiye na cheo. Ni mpima ardhi, natoka Ho."

"Hivi wewe unatwanga kila siku?"

"Nakula kila siku."

"Kaka yangu, siku hizi kuna unga wa fufu wa pakti. Unakoroga kwenye sufuria, umemaliza, hakuna anayesikia."

Selorm alimwangalia kama mtu aliyetukaniwa mama yake.

"Madam Katibu, kwenu ni wapi?"

"Kumasi."

"Mtu wa Kumasi! Mtu wa Kumasi, nyumbani kwa fufu, ananiambia mimi nile unga wa pakti!" Akageuka nyuma kutafuta shahidi, akakiona kinu. "Umesikia wewe?"

Konadu alitaka kucheka. Akauma mdomo, akakunja uso kama katibu.

"Nitakuandikia malalamiko."

"Andika. Ila usisahau kuandika kwamba nilikukaribisha."

Aliandika kweli jioni ileile. Na niwaambie ukweli, kwetu Adom malalamiko si mchezo. Mwenye nyumba akipiga kelele, anaombwa kwa upole awafikirie majirani. Mpangaji akilalamikiwa mara ya tatu, kamati inamwandikia aliyempangisha, mkataba hauongezwi, na mtu anapakia kitanda chake kwenye gari. Ndivyo tulivyo, tusijifanye malaika.

Malalamiko ya pili hayakuchelewa. Yaliletwa na Bi Araba Essel, mweka hazina, mama mmoja wa Cape Coast mwenye sauti kubwa kuliko kinu chenyewe. Alisema kile kinu kinamwamsha mume wake usingizi wa mchana.

Siku iliyofuata simu ya Konadu iliita kidogo, ujumbe ukaingia.

"Madam Katibu, ni mimi wa ukutani. Leo unarekodi mpaka saa ngapi? Nitatwanga ukimaliza."

Konadu aliusoma, akaurudia. Tangu ahamie mtaa ule, watu walikuwa wamemwita kila jina, lakini hakuna aliyewahi kumuuliza anafanya kazi saa ngapi.

"Namba yangu umeipata wapi?"

"Uliiandika chini ya malalamiko. Una mwandiko mzuri kwa mtu mwenye hasira."

"Namaliza saa kumi."

"Saa kumi na moja ndiyo nitaanza. Uchumi wa nchi usije ukaharibika kwa sababu ya tumbo langu."

Ikawa ndiyo kawaida yao. Konadu akimaliza kazi anaandika, "Nimemaliza. Twanga." Selorm anajibu, "Asante, mkuu. Leo tangazo la nini?"

"Dawa ya minyoo."

"Nisomee."

"Sitaki."

"Madam, nimesubiri tangu asubuhi na njaa yangu. Hebu nisomee."

Akamsomea, akamtumia sauti. Jibu likaja hata hajaweka simu chini:

"Nimesikiliza. Minyoo yangu yote imejisalimisha."

Konadu alicheka peke yake jikoni mpaka akashika ukingo wa sinki.

Baada ya hapo vikaanza kupita vibakuli juu ya ukuta wa nyuma. Fufu na mchuzi mwepesi wa mbuzi, fufu na mchuzi wa karanga. Mara ya kwanza Konadu alikataa kwa adabu. Mara ya pili alipokea. Mara ya tatu bakuli lilirudi limelambwa, na Selorm akaligeuza kwenye mwanga kulikagua.

"Hata kuosha hukuhitaji!"

"Nyamaza wewe! Nimeliosha."

"Kwa ulimi?"

Mapenzi yakaingia hivyo, kwa vicheko na mchuzi. Hakuna aliyesema neno lenyewe, lakini Konadu alianza kupaka wanja kwenda kupokea bakuli, na mimi nikiona mtu anapaka wanja kwa ajili ya bakuli najua kuna jambo.

Jioni moja alimpigia.

"Selorm, nikuulize kitu?"

"Uliza, mkuu."

"Kwa nini unatwanga peke yako?"

"Nani kakwambia niko peke yangu?"

"Nasikia. Unapiga, halafu kimya, unainama kuigeuza fufu kinuni kwa mkono. Unapiga, kimya. Mwenye mtu wa kumgeuzia hatwangi hivyo."

Selorm alipojibu, utani ulikuwa umempungua.

"Wa kuweka mkono chini ya mchi wangu bila kuogopa bado sijampata."

"Wanawake wameisha Tema?"

"Wamejaa. Konadu, Jumapili ijayo uwe nyumbani. Nina jambo."

"Jambo gani?"

"La kusemwa ana kwa ana. Usinichokoze, nitalisema kwenye simu liharibike."

Wiki hiyohiyo mama yake Konadu akaja kutoka Kumasi kumtembelea. Maa Abrafi, mjane, mfupi, mnene kidogo, macho hayapitwi na kitu. Jioni ya kwanza binti alimwekea sahani. Yule mama akabonyeza tonge kwa kidole, tonge likabonyea na kubaki hivyohivyo.

"Konadu, hiki ni nini?"

"Fufu, Maa."

"Nani kakudanganya?"

"Maa, ni ya pakti. Hapa hatutwangi ovyo, kuna kanuni. Na mimi ndiye katibu wa hizo kanuni."

"Kwa hiyo mimi nimekaa kwenye basi mchana kutwa, nimekuja kula gundi kwa sababu mwanangu ana cheo?"

"Maa, jamani..."

"Nakula. Si unaniona nakula?" Akameza kama anameza kidonge.

Kuanzia kesho yake Maa Abrafi akawa hakai nyumbani. Ikifika saa kumi na moja anajifunga kitambaa kichwani.

"Maa, unakwenda wapi?"

"Kanisani. Kwaya ya akina mama."

"Umefika jana, umeshaingia kwaya?"

"Sauti yangu wameipenda."

Konadu akafurahi kwamba mama amepata wenzake. Akamaliza kurekodi tangazo la viatu, akaandika, "Nimemaliza. Twanga," akasubiri utani wa siku. Haukuja. Kilichokuja ni mchi.

Du-pwa. Du-pwa. Du-pwa.

Alisimama katikati ya chumba, simu mkononi. Akalisogeza godoro, akabandika sikio ukutani. Mchi unashuka, kiganja chenye maji kinageuza, mchi unashuka, kiganja kinageuza, hakuna kimya katikati. Halafu akasikia kicheko, na kilikuwa cha mwanamke.

Nani asiyejua? Kwetu mkono wa kugeuza fufu hauazimwi barabarani. Anakugeuzia mkeo, au aliyekuzaa, au anayejiandaa kuwa mkeo. Mchi mzito vile ukikosea kidogo umevunja vidole, kwa hiyo mtu anayeingiza mkono mle amekuamini kabisa. Na Selorm alishasema mama yake yuko Ho na hapendi safari.

Alipiga simu. Mdundo ukasimama kule ng'ambo.

"Haloo, adui wa minyoo!"

"Selorm, uko na nani?"

Akasikia mchi unaegemezwa ukutani.

"Niko na... niko na mgeni."

"Mgeni gani?"

"Konadu, naomba leo usiniulize. Nimeapishwa."

"Nani kakuapisha?"

"Ndilo hilo nililoapishwa nisiseme."

"Ni mwanamke?"

"Ni mwanamke, ndiyo, ila..."

Konadu akakata. Simu ikaita tena, hakuipokea. Mama yake aliporudi jioni anang'aa kama aliyepakwa mafuta, akamkuta binti kwenye kochi, taa hajawasha.

"Una nini, mwanangu?"

"Kichwa."

"Umekula?"

"Sina njaa."

"Hata mimi," alisema Maa Abrafi, na akaenda kulala mapema.

Kesho yake, saa ileile, du-pwa, du-pwa, na kile kicheko. Konadu alikuwa ameshamaliza kurekodi, anajisomea tu kwa mazoezi kadi ya harusi ya sauti kwa ajili ya wateja fulani wa Kumasi, maneno matamu ya watu wawili kuwa kitu kimoja. Hakuimaliza. Alikaa sakafuni akalia. Alipomaliza kulia alishika simu, na badala ya kumwandikia Selorm akamwandikia Bwana Lamptey, mwenyekiti.

"Mwenyekiti, naleta malalamiko ya tatu dhidi ya mpangaji wa ukutani kwangu. Kelele za kinu. Siwezi kufanya kazi."

Jibu likaja na adabu zake zote za mstaafu wa forodha.

"Yamepokelewa, Katibu. Kwa utaratibu wetu kamati itakuja Jumamosi kusikiliza kelele yenyewe kwa masikio yake, kisha tutaamua. Mpangaji atajulishwa."

Mpangaji akajulishwa. Ujumbe wake uliingia wakati Konadu anapiga mswaki.

"Nimeambiwa kuna malalamiko ya tatu. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Sawa, Madam Katibu."

Hakuandika mkuu wala adui wa minyoo. Lile Madam Katibu lilimchoma Konadu kuliko angetukanwa, na bado hakuyafuta malalamiko. Mtu mwenye wivu, ukimwekea haki mezani ataisukuma pembeni apate mahali pa kuegemea kiwiko.

Jumamosi kamati ikafika. Bwana Lamptey na suruali yake iliyonyooshwa mpaka inakata. Bi Araba na kiti chake cha plastiki, maana haamini viti vya watu. Wakabanana kwenye kile chumba cha kurekodia, godoro likaegemezwa pembeni. Maa Abrafi alikuwa ameshatoka, ameaga ni kwaya.

"Mimi nilisema," alianza Bi Araba. "Nilisema tangu siku ya kwanza, wapangaji..."

"Araba, tunasikiliza," alisema mwenyekiti.

Du-pwa. Du-pwa. Du-pwa.

Wakasikiliza. Bwana Lamptey alisogea, akaweka sikio ukutani, akafumba macho. Mke wake alikuwa amemkataza fufu kwa sababu ya kitambi.

"Mh," alisema. "Hiyo ina ndizi nyingi kuliko muhogo. Sikieni inavyovuta."

"Mwenyekiti, tumekuja kwa kelele," alisema Konadu.

"Hii ndiyo kelele, naichunguza. Na huyo anayegeuza..." Akatikisa kichwa kwa heshima. "Huyo si msichana. Huyo ni mtu mzima, mwenye mkono wake. Mabinti wa leo hawageuzi hivi."

"Mtu mzima?"

"Sikiliza mwenyewe."

Konadu akabandika sikio. Na palepale, wazi kabisa, sauti ikapenya ukutani:

"Selorm, mwanangu, usiniharakishe! Hapo pembeni bado kuna bonge!"

Konadu alirudi nyuma akajigonga kwenye meza.

"Umepauka wewe," alisema Bi Araba. "Unamjua?"

"Huyo ni mama yangu."

Sijawahi kuona kamati ikitembea haraka vile. Walilikuta geti halijafungwa. Nyuma ya nyumba, Maa Abrafi amekaa kwenye kigoda, kitambaa cha kwaya kichwani, mkono umejaa fufu mpaka kwenye kifundo. Selorm amesimama juu yake, mchi umeinuliwa. Aliposhtuka, aliushusha polepole pembeni, mbali na ule mkono.

"Maa?" aliita Konadu.

"Karibuni!" alisema Maa Abrafi, hana haya hata chembe. "Mmeshakula?"

"Maa, kwaya iko wapi?"

"Tuko mapumziko."

"Unanifanyia nini, Maa?"

"Nakula, Konadu! Kwako ninakula gundi. Nilisikia kinu siku ya pili tu, nikafuata. Nikamkuta kijana wa watu anahangaika peke yake, anapiga, anainama, anapiga, anainama, nikamwonea huruma. Nikamwambia, mwanangu, sogea."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema nini? Ungesema, Maa, unanidhalilisha, mimi ni katibu. Nikamwapisha kwa jina la marehemu baba yako asiseme. Kijana wa watu ametunza kiapo mpaka mmekuja kumfukuza." Akamnyooshea kidole chenye fufu. "Halafu mimi nakusikia usiku unavyocheka na simu. Nilitaka kumwona anayemchekesha mwanangu. Nikaona nisimtazame usoni, sura hainisaidii. Nikaingiza mkono wangu humu. Hajanigusa hata ukucha."

Selorm alikuwa anawapangia viti. Kwetu mtu akikukuta na chakula unamkaribisha, hata kama amekuja kukuhukumu, na ukikaribishwa hukatai. Mchuzi wa mbuzi ukamiminwa. Bwana Lamptey alisema atanawa mikono kwa heshima tu. Akala kwa heshima, akaongezwa kwa heshima. Bi Araba alinyamaza, jambo ambalo mtaa mzima ulilishukuru. Kwa kifupi, kamati ilikula ushahidi wote, mpaka fungu la Maa Abrafi mwenyewe.

Konadu peke yake hakuonja.

"Sasa," alisema mwenyekiti, akipangusa mdomo, "nimekula kwa mtuhumiwa, na hilo ni baya. Lakini kanuni ni kanuni. Malalamiko ya tatu yapo. Katibu, yathibitishe mbele yetu. Kelele za huyu zinakuzuia kufanya kazi?"

Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo. Angesema ndiyo, angebaki na cheo na heshima yake, na mwisho wa mwezi Selorm angepakia kinu chake kwenye gari. Alimtazama. Selorm alikuwa anaosha mabakuli, amempa mgongo.

"Hapana," alisema Konadu.

"Hapana nini?"

"Hazinizuii. Kila siku ananiuliza kwanza. Tangu aanze kuniuliza hajaharibu hata tangazo moja."

"Sasa ulilalamikia nini?"

Sauti yake, ile inayouza sabuni nchi nzima, ikagoma. Akaanza tena.

"Nilidhani ana mwanamke."

Nyama ilimponyoka Bi Araba ikarudi kwenye mchuzi.

"Nilisikia anageuziwa fufu nikaona wivu. Nampenda, Mwenyekiti. Nikataka aondoke kabisa nisimsikie tena. Kelele ilikuwa uongo."

Mabakuli yaliacha kulia. Bwana Lamptey alikohoa, akajiweka sawa kwenye kiti.

"Katika kanuni zetu zote, na nyingi nimezitunga mwenyewe, hakuna kifungu cha wivu. Malalamiko yamefutwa. Lakini, binti yangu, katibu anayetumia cheo kumhamisha mtu kwa ajili ya mapenzi yake..."

"Najua." Alitoa funguo za ofisi ya chama mfukoni, akaziweka mezani. Zilimuuma. Ukatibu ule aliupigania nyumba hadi nyumba, akawashinda wazee wawili. "Najiuzulu."

Hakuna aliyemzuia. Ilikuwa haki.

"Na yangu yafuteni," alisema Bi Araba ghafla. "Yule bwana wangu akitaka kulala, alale usiku kama watu."

Selorm alikuja akasimama mbele ya Konadu, mikono inachuruzika maji.

"Ungenifukuza kweli?"

"Ndiyo."

"Kwa kusikia tu, ukutani?"

"Ndiyo."

"Ungekuja ukagonga geti, Konadu. Siku ya kwanza uligonga mpaka nikadhani nyumba inaungua."

"Siku ya kwanza sikuwa na cha kupoteza."

Selorm alikaa kwenye ukingo wa kinu, akautazama ule mchi.

"Mimi niliapa kwa baba yako, ndiyo maana sikusema. Ningeweza kusema, ningekaa vizuri na wewe, ningemkosea mama yako. Nikasema moyoni, Konadu ataniamini siku mbili tatu. Hukuniamini hata moja. Sasa mtu asiyeniamini nitaishi naye vipi?"

"Sijui," alisema Konadu. Machozi yalikuwa yanamtoka bila kelele. "Nisamehe. Sina la kujitetea."

Watu wote wakawa wanatazama chini. Hapo ndipo Maa Abrafi alipogonga kinu kwa kijiko.

"Mkimaliza kulia mniangalie na mimi! Kamati imekula, mimi mwenye mkono sijala. Muhogo na ndizi zimebaki kwenye sufuria. Selorm, shika mchi."

"Maa, umechoka, pumzika," alisema Selorm.

"Nimechoka, ndiyo. Konadu, kaa hapa."

"Maa, mimi sijageuza tangu nikiwa shule!"

"Kwa hiyo mkono ulikatwa?"

Konadu alinawa. Akakaa kwenye kigoda, akakunja gauni katikati ya magoti. Selorm akashika mchi, akaushusha taratibu mno, kama anayepapasa mtoto mchanga.

"Hiyo ni fufu au unambembeleza?" alifoka Maa Abrafi. "Inua!"

"Naogopa kumuumiza."

"Na mimi naogopa," alisema Konadu. "Inua tu."

Akainua. Du. Konadu akachovya kiganja kwenye maji, akageuza. Pwa. Du. Pwa. Walikuwa wanachechemea, wanakosana, wanapatana. Bwana Lamptey alitaka kutoa maelekezo, Bi Araba akamkanyaga mguu. Kidogokidogo fufu ikaanza kuvuta.

"Selorm," alisema Konadu, macho ndani ya kinu. "Lile jambo la Jumapili lilikuwa nini?"

Du.

"Mjomba wangu aje kutoka Ho, na vinywaji, kugonga mlango kwenu, kukuposa. Mama yako alipokuja nikaona bahati iliyoje."

Pwa.

"Kumbe."

Du.

"Na baada ya malalamiko yangu ulimwambiaje mjomba?"

Selorm aliinua mchi juu kabisa, akabaki nao hewani. Konadu hakuutoa mkono. Aliuacha palepale katikati ya kinu, viganja vyote viwili sasa, akainua uso kumtazama.

"Toa mkono, Konadu."

"Nijibu kwanza. Ulimwambia nini?"

"Toa mkono, mchi mzito huu!"

"Nakuamini. Nijibu."

Mchi haukushuka hata kidogo. Selorm alimtazama Konadu, akautazama ule mkono, na kwa mara ya kwanza tangu asikie habari ya malalamiko ya tatu akatabasamu.

"Sikumwambia asije," alisema. "Kesho saa nne atakuwa getini kwenu."